Daraja Ambalo Baba Hakulivuka

Daraja la mtaani kwetu Kikwajuni, Unguja, lilikuwa la jeshi kabla halijawa letu. Wanajeshi walililaza kwanza kwenye njia ya mashamba ili malori yao yavuke. Masika moja ya miaka ya themanini maji yakachukua kidaraja chetu cha mbao, nao wakaling'oa lile la chuma la kwao na kuja kulilaza juu ya mtaro mkubwa. Tangu hapo likawa la waendao kwa miguu: wanafunzi, wachukuzi na kina mama watokao sokoni.

La kila mtu, isipokuwa baba. "Mie silipiti," alisema. Aliamini kwamba ni juu ya vyuma vile vile lilipovuka lori la jeshi lililomletea habari kuwa shamba lake la karafuu limechukuliwa na serikali, si lake tena. Mama akimtania, "Bwana wee, chuma kina kosa gani?" Baba hutabasamu, akachukua bakora yake, akazunguka barabara kuu, jua au mvua. Msikitini hufika watu washaswali. Darajani watu walisimama wakaulizana habari za wagonjwa na harusi, yeye hayupo, na mtaa ukazoea kutomwona. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Alifariki miaka ya tisini. Mama alikwishatangulia, na ndugu zangu wote walikuwa Maskati. Nilikuwa na hofu moja tu, naisema bila haya: nani atambeba? Tulitoka na jeneza watu wachache, wa kupokezana hakuna. Tulipofika darajani, jirani yetu seremala akaninong'oneza.

"Mwanangu, tuvuke hapa. Sie wachache, na maiti hacheleweshwi."

Alisema kweli, na ng'ambo ya pili niliona watu tele. Nikamjibu, "Tunazunguka." Hata nilipokuwa nikisema hivyo nilikuwa nimemkasirikia baba.

Bega liliniwaka moto. Barabarani muuza kahawa akaweka dele lake chini, akaja kutia bega. Wakafuata watu wa mikokoteni, vijana wa chuoni, mwenye baiskeli akaiegemeza ukutani. Ndiyo desturi yetu, jeneza likipita mtu haketi. Tulipokaribia makaburini baba alikuwa mabegani mwa watu asiowajua, nami nimesukumwa nyuma kabisa, silifikii tena. Nililia, na nilikuwa nashukuru.

Baada ya dua walinipa mkono mmoja mmoja, wakaondoka kwa makundi wakizungumza. Wote walirudi kwa njia ya darajani, maana ndiyo ya karibu. Seremala akageuka akaniita.

"Naam," nikaitika. "Tangulieni tu."

Nikawatazama mpaka walipovuka, kisha nikashika barabara kuu. Nilifika nyumbani magharibi imeshaadhiniwa, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza mbona nimechelewa.