Magunzi ya Enos Raber

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili. Hapana, nimekosea, ulikuwa elfu mbili na moja, maana elfu mbili Lovina Raber alikuwa bado hai na magunzi yalikuwa kazi yake. Yeye ndiye aliyepandisha vibuyu mlingotini kila baridi ilipoachia pale Holmes, Ohio: vibuyu kumi na viwili vilivyopakwa chokaa, nyumba za mbayuwayu. Mumewe, Enos, kazi yake ilikuwa kukaa barazani na kucheka.

"Unahangaikia wapangaji wasiolipa kodi," alizoea kumwambia.

"Kwani wewe unalipa?" Lovina humjibu, na kahawa siku hiyo huchelewa kidogo.

Lovina alifariki mwezi wa Novemba. Enos alipokuwa akitafuta kitambaa cha kufutia taa, alikuta nyuma ya mlango wa jikoni kalenda za miaka kumi na tisa zimening'inia kwenye msumari mmoja. Katika kila kalenda, tarehe fulani ya Aprili ilikuwa imezungushiwa duara la penseli, siku waliyofika mbayuwayu. Hawakuwahi hata mara moja kufika kabla ya tarehe kumi na mbili. Mzee alikaa akazisoma zote kama mtu aliyepata barua.

Tangu hapo, kicheko kikaisha. Watu walikuja kumpa pole, wakaleta maandazi ya tufaha, wakaondoka. Ndege hao ndio wageni pekee wa Lovina ambao wangekuja bila pole. Lakini Enos alijua jambo moja, maana mkewe alilisema kila mwaka naye akajifanya hasikii: mbayuwayu akikuta mlango umefungwa huhamia kwingine, na akizoea kwingine ndiyo basi.

Akafanya kazi kuliko marehemu. Milango ya vibuyu aliichonga upya kwa umbo la nusu mwezi, ili kwezi, ndege mwenye kifua kipana, abaki nje akipiga kelele. Shomoro ni mwembamba, yeye hupita popote. Kwa shomoro, Lovina alikuwa akiziba kila mlango kwa gunzi la hindi mpaka wenyewe wafike. Aliwahi kuviacha wazi Jumapili moja tu, na kabla wimbo wa pili wa ibada haujaisha shomoro walikuwa wameshaingiza majani. Basi Enos akaziba, akakaza kwa nyundo. Juu ya hayo akatega mtego wa sanduku penye ua, kwa makombo ya mkate. Kufikia mwisho wa Machi alikuwa amenasa shomoro arobaini na watatu, na paka wake hakuweza tena kuruka uzio.

Ng'ambo ya uzio huo alikaa Monroe Schlabach, mtu mwema ambaye hakuwahi kumaliza kitu. Alikuwa na vibuyu sita juu ya mti mkavu, ambavyo hakuwahi kuvishusha wala kuviosha.

"Enos, hao shomoro unawafunga kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la kulala kwako na kula kwangu."

"Basi wafunge tu, bwana. Mimi sitawawekea dhamana."

Watu wa huko hawana kanisa, husali nyumba kwa nyumba; zamu ya ibada ikamwangukia Enos, Jumapili ya tarehe nane Aprili. Jumamosi gari lililobeba mabenchi ya waumini likafika, na Fannie, mdogo wake Lovina, akaja kuoka mikate. Akachungulia dirishani.

"Shemeji, toa hayo magunzi leo. Kesho ni siku ya Bwana, huruhusiwi kugusa hata kamba ya mlingoti."

"Kalenda ya dada yako inasema kumi na mbili."

"Na ndege wana nakala yake?"

"Fannie, angalia mikate yako isiungue."

"Haya. Mwanamume ukimwambia wakati wa jua, atakusikia wakati wa mvua."

Asubuhi yake Enos aliamka, akakamua ng'ombe wanne, akafungulia zizi, akavaa koti la ibada. Watu wakajaa. Wimbo wa kwanza ukaanza, ule wa kuvutwa pole pole, ambao mtu anaweza kuuingia akiwa na njaa na kuutoka akiwa mzee. Enos alikaa benchi la tatu, kando ya dirisha.

Aliwasikia kabla hajawaona: sauti kama maji yanayotoka kwenye chupa ya shingo nyembamba. Kisha dume mmoja, mweusi wa kung'aa zambarau, akatua kwenye kibuyu cha juu kabisa. Akalitazama gunzi, akaligonga, akalizunguka, akaligonga tena. Wakaja wengine, wakawa saba.

Kamba na kapi vilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Kushusha, kung'oa, kupandisha: dakika tano. Enos alilishika benchi kwa mikono miwili. Mwenye nyumba kutoka ibadani kwenda kufanya kazi siku ya Bwana, mbele ya macho mia mbili! Alikaa. Mahubiri yalichukua saa tatu, na yalihusu uvumilivu.

Baada ya mkate wa siagi ya karanga na matango ya siki, wanaume walisimama uani, kofia zote zimeelekea juu. Mwisho askofu Atlee Mast akakohoa.

"Magunzi umeyakaza vizuri, Enos."

"Asante."

Fannie akapita na birika, akamnong'oneza, "Shemeji, wapangaji wanabisha hodi. Waambie basi warudi Jumatatu."

Hawakungoja Jumatatu. Alasiri waliinuka wote saba, wakavuka uzio, wakatua kwenye vibuyu vichafu vya Monroe, ambavyo milango yake ilikuwa wazi na shomoro hamna hata mmoja. Wangetoka wapi? Wote arobaini na watatu walikuwa wamekwisha pita kwa paka wa Enos.

Jumatatu kabla ya jua Enos alishusha vibuyu, akang'oa magunzi yote, akapandisha. Kufikia adhuhuri kibuyu cha tatu kilikuwa na mtu: shomoro, sijui katoka wapi, na jani la ngano mdomoni.

"Sijui nimewafanyia nini ndege hawa," Monroe alisema penye uzio.

"Hujawafanyia kitu."

"Ndiyo maana nashangaa. Njoo jioni uwaone, nitakuwekea kiti."

Enos alikwenda. Alikwenda jioni zote za kiangazi hicho, akakaa kwenye kiti cha Monroe kilichopungukiwa mguu, akawatazama ndege wa mkewe wakilisha watoto. Nyumbani, kwenye kalenda ya mwaka ule, alizungushia duara tarehe nane.

Swali lake alilibeba kila mahali. Alimuuliza askofu, na askofu akatazama mawingu akasema majani yanahitaji mvua. Alimuuliza Fannie, akamiminiwa kahawa. Monroe alikumbuka ghafla kwamba ana farasi wa kupigiliwa chuma kwatoni. Miaka kumi baadaye bado alikuwa akiliuliza, kwa sauti ya chini, kofia ikiwa gotini: "Jumapili ile nilimfungulia ng'ombe zizi, na hakuna aliyesema nimefanya kazi. Ningemfungulia ndege mlango wake, ingekuwa nini?"