Apiyo na Yule Mama wa Mkono wa Kushoto

Mimi bado nakataa. Tangu Jumanne watu wananipigia simu kwamba Apiyo ametuacha, na mimi nawaambia, ngojeni kwanza nimuulize mwenyewe.

Kwa wale ambao hamkumjua, tulifuma pamoja mazulia ya ukutani kwenye kikundi cha akina mama hapa mtaani Nyalenda. Benchi moja, miaka sita. Akicheka, uzi wangu unakatika.

Wenzangu wa kikundi, mnakumbuka ile oda ya hoteli? Picha ya Ulaya ya zamani: mama tajiri analisha ndege, kando yake farasi mwenye pembe moja, sungura na maua kila mahali. Mwalimu wetu wa kufuma alisema ile ya kwanza ilifumwa kwa sufu na hariri, imepita miaka mia tano, na waliofuma hawajulikani majina.

Apiyo akauliza, "Na huyu mama?"

Naye hajulikani.

"Basi huyo farasi amewamaliza wote na hiyo pembe."

Farasi ana ndevu. Apiyo alimpa za marehemu baba mkwe wake, akasema hizo anazijua vizuri.

Sasa, kazi hii unafuma ukiwa upande wa nyuma. Mchoro lazima ugeuzwe kwanza, kulia kuwe kushoto, ndio mbele itoke sawa. Kuugeuza ilikuwa kazi yangu. Nilisahau. Tukafuma miezi minne.

Siku ya kulitoa zulia kwenye fremu tukaona yule mama analisha ndege kwa mkono wa kushoto. Kwetu hata mtoto humpi kitu na kushoto. Nikakaa chini. Nilikuwa na maonyo mawili tayari, la tatu ni kufukuzwa, na watoto wangu wanakula kutoka kazi hiyo.

Apiyo akaninong'oneza, "Funga mdomo. Wewe ukiongea unalia."

Mwenyekiti wa kikundi akauliza nani aliweka mchoro.

"Ni mimi, Mama," Apiyo akadakia. "Nilidhani matajiri wa huko wanatumia kushoto."

Watu wakacheka. Hoteli ikachukua zulia, haikuona tofauti. Lakini Mwenyekiti alimtoa Apiyo kwenye fremu, fundi kutushinda sisi wote, akamweka aoshe sufu miezi mitatu. Apiyo hakuniangalia vibaya hata siku moja. Nikisema nitajitaja, ananiambia, "Lisha watoto kwanza."

Watoto wamekula. Mwenyekiti, aliyeweka mchoro ni mimi. Jumatatu nitafika mapema. Ukinipa beseni nitaosha, ukinifukuza nitaelewa. Lakini kule kwao Bondo tukimzika, mtu asiseme Apiyo aliharibu oda.

Rafiki yangu, lala bila wasiwasi. Lawama nimeichukua, ni yangu.