Dakika Hamsini Hadi Eldoret

Mimi ni mtu wa kuahidi kabla ya kuuliza. Ugonjwa huo ninao tangu utotoni, na mara hii nilimwambukiza mama yangu.

Dada yangu, aliyeolewa Eldoret, alikuwa amejifungua msichana wa pili. Kwetu Tetu msichana wa pili ni wa bibi mzaa mama: anapewa jina lake, na kuanzia hapo bibi na mjukuu ni mtu mmoja. Kwa hivyo mama alikuwa amezaliwa upya huko Eldoret na bado hajajiona. Lakini mama na gari! Kutoka Wamagana hadi Nyeri mjini tu anatapika mara mbili. Hata harusi ya dada aliitazama kwa simu, jikoni, akilia.

Basi jioni moja nikaandika kwenye simu: Nanyuki, penye uwanja wa ndege wa karibu nasi, hadi Eldoret. Ikachora mstari ulionyooka juu ya ramani, kilomita mia mbili na kidogo, dakika hamsini angani.

“Ati dakika ngapi?” mama akauliza.

“Hamsini, mami.”

“Hiyo ni kukamua ng'ombe mbili na kuzipea nyasi.” Akacheka peke yake. “Hata tumbo haitajua imetoka nyumbani.”

Wiki nzima akawatangazia akina mama wa kanisa kwamba anapanda ndege. Akanunua viatu na blauzi, vya kupandia ndege. Mimi nikaazima gari la jirani la kutufikisha Nanyuki, na asubuhi yenyewe ya safari, ndipo nikakumbuka kupiga simu uwanjani kuuliza nafasi. Mwanamume aliyepokea alinieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Hakuna ndege ya kutoka pale kwenda Eldoret. Watu hupitia Nairobi, ndege mbili, na nauli yake haikuwa ya watu kama sisi.

“Lakini simu imesema dakika hamsini,” nikang'ang'ana.

“Simu inapima tu, bosi. Ingekupimia hata hadi mwezini.”

Nilimkuta mama uani amevaa viatu vipya, thamosi ya uji wa kuchacha miguuni pake. Nilimwambia ukweli huku nikiangalia mlango wa zizi. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

“Kwa hivyo dakika ziko,” akasema, “ndege ndiyo hakuna.”

“Ndiyo, mami. Nisamehe.”

Kisha akaingia ndani, akatoka na ndimu tatu na kopo tupu la mafuta ya kupikia.

“Washa gari. Na usinihesabie saa.”

Hadi Eldoret kwa barabara ilituchukua saa tisa. Tulisimama Endarasha, tukasimama Nyahururu, tukasimama mahali pengi nisipopajua jina. Alitapika hadi akawa hana cha kutapika. Kila nilipomsihi turudi, alinyoosha kidole mbele bila kufungua macho. Nilimpenda sana siku hiyo, na nilijichukia vilevile.

Dada alimkabidhi mama mtoto pale pale mlangoni. Mama akamtazama. Mtoto naye akamkodolea macho, akakunja uso, halafu akamtapikia maziwa yote begani, kwenye blauzi ya ndege.

Dada akakimbilia kitambaa. Mama akamzuia kwa kiwiko.

“Wacha,” akasema, machozi yakimtiririka na kicheko kikimtoka. “Ona, jamani. Ni mimi kabisa.”