Ng'ombe wa Nelson kwenye Jina la Sankale

Shamsia Mhina alijifunza kuandika programu kule Vugiri, nyumbani kwa bibi yake, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo maana alipohamia Chanika, mjini Handeni, na kufungua kibanda cha ufundi simu, hakuwa na subira na watu waliosomeshwa kwa raha wakatoka kapa. Na hakuna aliyetoka kapa kama Deogratius.

Deogratius alikuwa na ofisi Korogwe mjini, ina kiyoyozi na viti vya kuzunguka. Chama cha wafugaji cha Handeni kilimpa kazi ya kutengeneza mfumo wa chanjo: bwana mifugo anafungua ukurasa kwenye simu, anabonyeza jina la mfugaji, anaona ng'ombe wake waliochanjwa na wasiochanjwa. Siku ya uzinduzi alihutubia saa nzima, huku wafugaji wakichomwa na jua wakimtazama kama mtu anayeweweseka.

Wiki ya pili, Mzee Sankale alirudishwa kutoka mnadani na ng'ombe kumi na tisa aliowaswaga siku mbili. Mfumo ulisema hawajachanjwa.

"Nimewashika pembe kwa mikono yangu hii, Hiza akiwachoma sindano," aliwaka kibandani kwa Shamsia. "Leo Hiza huyohuyo ananiambia hawajachomwa!"

Hiza, bwana mifugo, alisimama nyuma yake ameinamisha kichwa. "Nakumbuka niliwachanja, mzee. Lakini nikipingana na mfumo, wataniambia nimehongwa."

"Hebu niione hiyo simu," Shamsia akasema.

Alibonyeza jina la Nelson, jirani yake Sankale. Kabla orodha haijafika, akabonyeza Sankale. Ng'ombe kumi na tisa wakatokea, wote wamechanjwa. Zikapita sekunde nne, hakuna aliyegusa kitu, na orodha ikageuka yenyewe: ng'ombe wa Nelson, ambao hata mmoja hajachanjwa, wakajipanga chini ya jina la Sankale.

Shamsia alicheka kicheko kibaya. Ukurasa ulikuwa umeiuliza seva maswali mawili. Ng'ombe wa Nelson ni wengi, kwa hiyo jibu lake lilichelewa, na ukurasa ulipokea lolote lililofika mwisho bila kujali lilikuwa jibu la swali gani. Kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza! Akampigia Deogratius, simu ikiwa kwenye spika.

"Dada, huo ni mtandao wenu wa huko porini. Waambie wabonyeze taratibu."

"Mtandao umechelewa tu. Aliyeandika jibu la Nelson kwa Sankale ni wewe."

"Basi nitaweka ukurasa usubiri sekunde tatu."

"Jibu likija sekunde ya nne?"

"Tutaweka tano."

Shamsia akakata simu, akaitazama kama kitu kilichomchafua mkono.

Mama Naisula, katibu wa chama, alikuwa na nywila za mfumo, naye akampa ruhusa. Mchana huohuo Shamsia akaliwekea kila swali namba yake. Jibu likija na namba ya swali lililopitwa, linatupwa. Tena, wakati jibu linasubiriwa, orodha ya zamani inafutwa kwanza, asije mtu akasoma ng'ombe wa huyu kwa jina la yule. Akabonyeza mara ishirini kwa mtandao mbovu kuliko wote. Sankale akabaki na ng'ombe wake.

Mnada uliofuata mzee aliuza, ingawa wawili walikuwa wamekonda kwa safari ile ya bure. Hakuna aliyemwomba radhi isipokuwa Hiza.

Kwenye kikao cha chama kilichofanyika Korogwe, Deogratius alisoma taarifa kwamba "ameboresha mfumo". Shamsia akanyoosha mkono.

"Hiyo namba ya swali umeiweka wapi, kwenye seva au kwenye ukurasa?"

Deogratius akanywa maji. "Inategemea."

"Inategemea nini, baba?" akauliza Mama Naisula, kwa upole uliouma kuliko tusi.

Kabla kikao hakijafungwa, mfumo ulikuwa mikononi mwa Shamsia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuondoa picha ya Deogratius akitabasamu, iliyokuwa ikifunguka kabla ya kila orodha, nzito kuliko taarifa za ng'ombe wote wa Handeni. Ukurasa ukaanza kufunguka chapuchapu.