Siku Niliyomtembeza Dada Mjini

Nikifika Songea siku hizi huwa nazunguka mjini kwa miguu. Natoka nyumbani Matarawe, napanda hadi sokoni, napita mitaa ya maduka, kisha nashuka kwa njia ya posta. Wanaonifahamu wananiona nimesimama mbele ya duka ambalo sinunui kitu, wanafikiri ni mwalimu mstaafu asiye na kazi. Kazi ni kweli sina. Ila njia hiyo ndiyo niliyopita na dada yangu mara ya mwisho, na kuna mahali nikifika, hata baada ya miaka yote hii, miguu inakuwa mizito.

Dada alikuwa amenizidi miaka sita. Baba yetu alipofariki, mama asingeweza kutusomesha wote wawili, kwa hiyo dada akaacha shule, akaenda kujifunza kushona kwa masista. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema tu kwamba yeye hesabu zilikuwa zimemshinda, jambo ambalo halikuwa kweli, maana ni yeye aliyekuwa ananifundisha mimi hesabu.

Alipata nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza la duka la mzee mmoja wa Kihindi, karibu na soko. Ilikuwa miaka ya shida, kitambaa kilipatikana kwa foleni kwenye duka la ushirika, na ukikipata hukubali kumpa fundi wa kubahatisha. Watu walimletea dada. Wasichana wa komunio ya kwanza, nusu yao waliingia kanisani wamevaa kazi ya mikono yake. Alishona magauni ya arusi ya watu wa Mfaranyaki, wa Lizaboni, mpaka wa huko Maposeni. Mimi nilisoma hadi chuo cha ualimu kwa mguu wake uliokuwa ukikanyaga ile cherehani.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa. Sabuni za kunukia, redio za kaseti, viatu vya kila rangi. Tulifurahi, nisidanganye. Lakini na mitumba nayo ikaja, marobota kwa marobota, na ndani ya marobota hayo mlikuwa na magauni meupe yenye lesi ambayo sisi tulikuwa hatujawahi kuyaona. Nani tena angenunua kitambaa na kusubiri wiki mbili? Dada akabaki kupunguza suruali za watu na kubadilisha zipu. Halafu akaanza kuugua.

Wakati huo mimi nilikuwa nafundisha Nakapanya, upande wa Tunduru. Masika njia ilikuwa haipitiki, barua zilikaa wiki kadhaa. Mama aliniandikia kwamba dada ana kifua. Likizo ya mwezi wa sita nilipanda lori la mpunga, nikafika nyumbani, nikamkuta mtu amekaa nyuma ya nyumba anaota jua, amejifunika blanketi. Nilimwamkia shikamoo nikidhani ni mgeni mzee wa mama.

"Marahaba," akaitikia. Kisha akacheka, na kwa kicheko ndipo nikamjua.

Ugonjwa ule ulikuwa bado hautajwi kwa jina. Watu walisema "ugonjwa wa siku hizi", tena kwa sauti ya chini. Nyumbani kwetu hata hilo hatukulisema. Tulisema kifua.

Siku ya nne asubuhi akaniambia, "Mdogo wangu, nipeleke mjini."

"Kufanya nini, dada?"

"Kutembea tu. Nimechoka kuangalia ukuta."

Mama alikuwa anachambua majani ya maboga. Hakuinua kichwa. "Subiri upate nguvu kwanza."

"Mama, nguvu ndizo hizi," dada akajibu.

Akavaa gauni lake la kitenge, alilolishona mwenyewe enzi za afya. Asubuhi ile alikuwa amelipunguza kwa sindano ya mkono, na bado lilimning'inia. Tulipokuwa tunatoka, mama alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mpitishe njia za nyuma." Nikaitikia ndiyo, lakini dada tayari alikuwa ameshika barabara kubwa.

Tulikwenda polepole sana. Ukungu ulikuwa umeshaondoka kwenye milima ya Matogoro, baridi bado ipo. Kila baada ya nyumba kadhaa tulisimama, na yeye akijifanya anatazama kitu. Mbele ya lililokuwa duka la ushirika alisimama muda mrefu. Lilikuwa limenunuliwa na mtu, limepakwa rangi ya buluu, na kaseti ilikuwa inapiga muziki mlangoni.

"Hapa ulizimia kwenye foleni ya sukari," akaniambia. "Ulikuwa darasa la sita. Nikakubeba mpaka nyumbani, na sukari hatukupata."

Mimi sikuikumbuka siku hiyo kabisa.

Karibu na soko kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anakuja upande wetu na kikapu. Alipotuona akavuka barabara. Dada akamfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye watu.

"Kiuno cha gauni lake la arusi kilinisumbua siku tatu," akasema. "Alikuwa na mimba, hakutaka kuniambia." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mpaka kikatulia.

Kwenye baraza lake la zamani palikuwa na binti aliyetandaza mitumba. Alimpisha dada kwenye kigoda bila kuuliza kitu, na hilo sijalisahau. Dada akachukua gauni moja jeupe la mtoto kutoka kwenye rundo, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye pindo.

"Mshono mzuri," akasema. "Mimi nisingeuweza huu."

"Ungeuweza, dada."

"Hapana. Tazama mwenyewe." Akalikunja vizuri, akalirudisha juu ya rundo.

Tulipofika posta, tukianza kuteremka, nilimwona kijana mmoja anapanda. Alikuwa anafanya kazi ofisi za mkoa. Tulikuwa tumeandikiana barua karibu mwaka mzima, na katika ya mwisho aliandika kwamba angependa kuleta watu wake nyumbani kuniposa. Alikuwa na wenzake wawili, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Tukasalimiana. Akamtazama dada, midomo yake yenye vidonda, mikono yake, kisha akaniuliza kwa upole, "Na huyu mwenzio?"

Nilikuwa na muda wa kufikiri. Mara nyingi nimejaribu kujiambia kwamba sikuwa nao, lakini nilikuwa nao.

"Jirani yetu," nikasema. "Namsindikiza hospitali."

Dada akawasalimu wote watatu, akawatakia kazi njema. Wakaenda zao. Tukabaki pale juu ya mteremko, sisi wawili, na mimi sikuweza kugeuza shingo.

"Jirani," akasema polepole, "nishike mkono. Changarawe hizi zinateleza."

Hakusema kwa kejeli. Heri angenikejeli. Alisema kama mtu anayekubali kazi aliyopewa. Nikamshika mkono, tukashuka mpaka nyumbani.

Jioni nilimfuata ndani nikapiga magoti kando ya kitanda. "Dada, pale posta..."

"Pale posta jua lilikuwa kali," akanikatiza. "Niletee uji, usiwe wa moto sana."

Nikamletea. Akanywa vijiko vitatu. Nilijaribu tena kesho yake, na tena siku ya kuondoka, na kila mara alikuwa na kitu cha kunituma.

Habari za kifo chake zilinifikia Nakapanya kwa dereva wa lori. Nilipofika Songea walikuwa wameshazika siku mbili nyuma. Barua za yule kijana sikuzijibu tena. Hakuwa amenikosea, ila kila nilipoona mwandiko wake niliona ule mteremko.

Usiku wa matanga ulipokwisha na watu kutawanyika, mama alikaa nami jikoni. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, naye akaanza kuzungumza kabla yangu.

"Siku zake za mwisho alikuwa anawasimulia wote waliokuja kumwona," mama akasema. "Alikuwa anasema, 'Mdogo wangu, yule mwalimu, alinitembeza mji mzima mchana kweupe, hakunionea haya.' Alirudia mpaka wageni wakachoka. Asante, mwanangu. Mimi mama yake nilitaka kumficha."

Nikafunga mdomo. Mama ameishi miaka mingi baada ya hapo akiamini hivyo, amekufa akiamini hivyo, na kila mgeni ambaye mama alinitambulisha kwake, alimsimulia habari hiyo nikiwa nimekaa palepale.