Kumtafutia Sifa Dume Kabambare

Baba alipofariki alituachia shamba la mihogo na Sifa, mbwa wake jike wa kuwindia. Mama hakuomba kitu kingine ila mtoto mmoja wa Sifa, kabla mbwa huyo hajazeeka. Basi Sifa alipoanza kutaka dume, nilimtia kapuni tukaondoka Kasongo kwenda Kabambare, kwa mwindaji aliyemuuzia baba. Baba alisema siku zote kwamba hakuna mbwa wenye pua kama wa kule.

Asubuhi, barabarani. Motari aliyetubeba kwa pikipiki yake alicheka mpaka ikayumba.

"Dada, nimebeba mbuzi, nimebeba mpaka bibi arusi. Lakini imbwa yenye kuenda kuolewa, iko ya kwanza!"

Sifa alitoa kichwa akaunusa upepo. Matope mekundu yalituchelewesha. Tulivuka mto Luama jua limeshapinda.

Alasiri, Kabambare. Mwindaji, Papa Kalonda, alitupokea kwa mikono miwili. Nilipomweleza haja yangu alimwita dume wake. Dume alikuja na njuga ya mti shingoni, ile wanayofungwa mbwa wa huku wasiobweka, ili mwindaji ajue walipo porini. Alikuwa mzuri mno. Akajigonga kwenye kinu.

"Haoni, Papa?"

"Imeanza mwaka huu. Wadogo zake vilevile." Akakaa chini. "Ni kosa yangu, mutoto yangu. Niliogopa ile pua itatoka mu nyumba yangu. Kila mara nilichagua yenye kuwinda vizuri, nikaipatia mama yake, ao dada yake, wazae pamoja. Macho sikuangalia."

"Lakini Sifa anaona."

"Mama ya hii dume na wadogo zake pia aliona mpaka kufa. Upofu ulikuwa ndani yake, umelala, na Sifa ni wa ukoo huohuo."

Nikauliza kwa sauti ya kusihi kama dume wa ukoo mwingine angefaa.

"Watoto pengine wataona. Wajukuu ndio watalia. Mimi nimeacha kuzalisha."

Kesho yake, njiani. Motari hakutania. Sifa alilala kapuni, mzima, macho maangavu, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilidhani kumpenda mbwa na kusifu pua yake ni sababu tosha ya kumzalisha. Sikuwa nimeuliza kama ndugu zake wanaona.

Jioni, Kasongo. Madume ya jirani yalikuwa yameshazunguka uwanja wetu.

"Imeshika mimba?" mama aliniuliza hata kabla sijashuka.

Nikamweleza yote. Alimfungia Sifa ndani, akaketi mlangoni na mwiko wa bugali, akayafukuza madume yale huku akilia, leo na kesho na keshokutwa, mpaka siku za Sifa zikapita.