Walinisikia Nikikiri Kuwa Mimi ni Kunguru

Mashahidi wawili walinisikia, mchana kweupe, nikikiri kwa mdomo wangu kwamba mimi ni kunguru na nimemvuta mtoto wa watu pumzi.

Na ni kweli nilisema. Neno kwa neno.

Naitwa Biubwa, niko Bagamoyo. Naishi kwa mwanangu Muhidini na mkewe Nadhira. Binti yao Dija alikuwa akilala kwangu tangu aachishwe ziwa.

Kitabu alinipa Nadhira. Alirudi nacho kutoka Dar, akakisoma siku mbili, akanikabidhi.

"Kisome hiki, Mama, uache kunung'unika umeme ukikatika."

Weee! Hadithi ya binti wa Kariakoo, muuza simu, anayejigeuza kunguru. Mchumba kampeleka kula chipsi kuku, binti analia, anaona kama anamla shangazi yake! Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Ila mimi niliishia darasa la tatu. Nasoma kwa kidole na kwa sauti. Nikinyamaza, herufi nazo zinanyamaza.

Siku hiyo, baada ya adhuhuri, nimekaa dirishani. Nimefika pale binti anapotubu maovu yake. Nasoma taratibu:

"Nilitua... juu ya paa lao. Nikamvuta... mtoto pumzi. Kidogo kidogo. Nikashiba."

Chini ya dirisha, jirani yangu Mardhiya na binti yake walikuwa wanaanua nguo. Na mjukuu wa Mardhiya wiki nzima yuko hoi kwa pumu.

Alasiri kimenuka. Mlango umejaa watu, mjumbe Abdulswamad mbele.

"Umesema mwenyewe, Biubwa!" Mardhiya akaninyooshea kidole. "Shoga yangu wa miaka thelathini! Mjukuu wangu kakukosea nini?"

Nikacheka. "Kitabu hicho, jamani! Nilikuwa nasoma."

"Basi kilete, Bibi, tuyamalize," mjumbe akasema.

Nikaenda chumbani. Kitandani nilipokiacha, hakipo.

"Nadhira mwanangu, waambie. Si wewe uliyeniletea?"

Nadhira akatazama mkeka.

"Kitabu gani, Mama?"

Mtu akadakia nyuma: "Kunguru wa siku hizi kasoma!" Wakaangua kicheko.

Muhidini hakucheka. Wala hakunitazama. "Mama, kuanzia leo Dija atalala kwetu."

Siku ya tatu nachota mkaa, mkono ukagusa kitu ndani ya gunia. Kitabu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi ya kalamu. Nilikuwa nimeuruka, maana mwandiko wa kuunganisha sikuufikia shuleni. Nadhira alilijua hilo. Sasa nikakaa nao asubuhi nzima, herufi moja moja.

*Kwa Nadhira, kunguru wangu. Wako daima, Leodgar.*

Ukoo wetu mzima hauna Leodgar.

Nadhira akanikuta nimekishika. Akapiga magoti kwenye vumbi la mkaa.

"Nisitiri, Mama. Muhidini akiyaona maandishi haya ataniacha, Dija atakosa mama. Yule nimeshaachana naye, wallahi."

Cha kulisafisha jina langu kilikuwa mkononi mwangu. Nikamfikiria Dija.

Nikakitia motoni, ukurasa kwa ukurasa. Sura mbili za mwisho sikuzisoma.

Ndiyo hivyo, nikawa mchawi kwa hiari yangu. Salamu zikakatika. Watoto wakipita wananipigia "kwaa! kwaa!" Dija nikimwita, anautazama kwanza uso wa baba yake.

Haukutimia mwezi wa nne, Nadhira akaondoka na mtoto. Yuko Chalinze, kwa Leodgar, ila mtaa haukulijua hilo.

Unadhani mtaa ulisemaje?

"Masikini, kamkimbia mama mkwe mchawi."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamkalisha Muhidini, nikamweleza yote, tangu gunia la mkaa mpaka jina la yule bwana. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kitabu kiko wapi, Mama?"

"Nilikichoma."

Akainuka, akavaa viatu.

"Umenivunjia nyumba yangu," akasema, akatoka.

Wanangu mnaosoma hapa, kusitiriana ni jambo jema, na thawabu yake ipo. Lakini usimsitiri mtu kwa nguo uliyoivaa mwenyewe. Ataondoka nayo, na wa kwanza kukuzomea ni yule ambaye nyumba yake ulidhani unaiokoa.